Kofia Iliyoitwa Bello

Watu wa Maskati wanaoweza kukuambia neno la Kiitaliano *bello* limetoka wapi hawajazi gari moja, na mimi ni mmoja wao. Hao wengine sijui walijifunza vipi. Mimi nilijifunza mikono ikiwa ndani ya maji ya moto.

Niliondoka nyumbani nikiwa na miaka ishirini na mbili, begi moja, na anwani ya mtu ambaye nilipofika alikuwa keshahama. Nikaangukia katika mji mmoja wa mlimani, katikati ya Italia, mji wa ngazi tupu, nikapata kazi ya kuosha sahani. Asubuhi nilikaa darasani, jioni nilisimama mbele ya sinki, na baina ya hapo nililala kidogo. Hakuna aliyenilipia na hakuna aliyenishika mkono. Nilirudi na stashahada ya lugha ya Kiitaliano yenye mhuri mwekundu, na leo inaning'inia ofisini kwangu Khuwair ya Kusini, mkabala na mlango, ili anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la mapazia, lakini jina lililoandikwa mlangoni ni langu. Meli ya watalii ikifunga gati Matrah na ndani yake mna Waitaliano, simu ya kwanza hupigwa kwangu. Nayasema haya kwa sababu ndivyo yalivyo.

Sasa nirudi kwenye neno. Aliyewahi kukaa na Waitaliano anajua kwamba *bello* kwao ni kama chumvi. Bahari ni bello, viatu ni bello, goli ni bello, sahani ya samaki ni bello. Msimulie mtu kisa chako chote, naye atakujibu "bello" hata kama alikuwa akilifikiria basi lake. Ikiwa kitu ni cha jinsi ya kike husema *bella*, na tofauti inaishia hapo.

Siku moja mwalimu wetu alituuliza darasani neno hili limezaliwa wapi. Mjerumani mmoja akasema limetokana na *bellum*, yaani vita, kwa kuwa uzuri huwagombanisha watu. Darasa zima likalipenda jibu hilo. Mwalimu akasema ni jibu tamu, ila si la kweli. Kisha akageukia ubao, na kwa nusu saa iliyofuata nilisahau kwamba sikuwa nimelala.

Warumi wa kale, alisema, walikuwa na neno *bonus*, maana yake jema. Zamani zaidi babu zao walilitamka *duenos*. Neno hilo wakalitia udogo, kama sisi tunavyomfanya mtoto kuwa kitoto na jumba kuwa kijumba, likawa kitu kama *duenelos*. Ndimi za watu zikalisaga, karne kwa karne, hadi likabaki *bellus*. Kwa hiyo bello, kwa asili yake, si "zuri" hata kidogo. Ni "kijema", chema kidogo, neno la kumwambia mtoto aliyemaliza uji wake. Waliambiwa hivyo watoto na wanawake. Mwanamume mzima akiitwa bellus alijua anachekwa. Uzuri mkubwa, wa masanamu na farasi na mashujaa, ulikuwa na neno lake lenye kifua, *pulcher*. Basi nenda leo katika soko lolote la Italia umtafute pulcher. Humwoni. Yumo vitabuni, amekaa peke yake. Neno la watoto ndilo lililorithi nyumba.

Jioni ile nilimsimulia mpishi habari hii yote, nikiwa na sufuria mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bello," akanisogezea sufuria nyingine.

Mama yangu, kwa upande wake, hakuwahi kuiuliza stashahada yangu chochote. Niliporudi nayo aliishika kwa ncha za vidole, akaupapasa mhuri, akasema, "Si haba." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Sikumlaumu. Sisi watu wa Unguja tulioko Maskati sifa tunaipima kwa kijiko cha chai. Mtoto mnene mwenye mashavu huitwa "kijibaya hiki". Mtu akimaliza kujenga ghorofa mbili Amerat hukukaribisha "kibandani". Harusi ya ukumbi mzima ni "kijishughuli". Sifa kubwa huita jicho, na jicho halina dawa ya haraka. Mimi desturi hiyo niliishika barabara kwa mambo ya watu wengine. Kwa mambo yangu mwenyewe niliiacha Italia, maana nilijionea kule kwamba asiyejitangaza ataosha sahani mpaka azikwe.

Mama hushona kofia. Alianza akiwa msichana, Unguja, akaendelea alipohamia huku, na kofia zake zimevaliwa na vichwa vingi ambavyo hata havikumjua. Ni kazi ya sindano na subira: kipande cha mviringo cha juu, ukanda wa ubavuni, na katikati ya maua vitundu vidogo mno, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono. Mimi nilikulia chini ya sindano ile na sikumbuki kuwahi kumwambia neno juu ya kofia hata moja. Zilikuwepo tu, kama kuta.

Mwaka huu, nikiwa na miaka arubaini na mmoja, nikapata mchumba. Mama alianza kofia ya akdi, yaani ya siku ya kufunga ndoa, wiki ileile niliyopeleka posa. Ilimchukua miezi minane, kwa sababu macho yake yamechoka, na kuna siku alishona vitundu viwili akafumua vitatu. Mapema kabisa alitwambia mimi na mdogo wangu wa kike, anayekaa naye Amerat:

"Hii ndo ya mwisho. Nikiikata uzi hii, sindano nnaiweka."

Nilimwambia siku ya akdi nitafunga kilemba, na kofia itakaa chini yake bila kuonekana.

"Mungu ataiona," akasema. "Na kichwa chako kitaijua."

Akdi ilikuwa Ijumaa. Kofia ilimalizika Jumatatu, ikafuliwa, ikatiwa kanji, ikavishwa juu ya bakuli lililopinduliwa ili ikauke na umbo lake, kwenye rafu ya chumba cha wageni. Na Jumanne ikaingia meli.

Katika meli ile walikuwemo mume na mke, wazee wastaafu, ambao walikuwa wameniandikia mapema kwamba hawataki soko wala makumbusho. Walitaka kuona nyumba wanamokaa watu. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nitawapeleka kwa mama, watakunywa kahawa, wataona kijana waliyemkodi ametoka wapi na amefika wapi. Jioni ya Jumatatu nikampigia mama simu nikamfundisha neno moja, ili wageni wakimsifia aelewe.

"Wakisema *bello*, mama, wanasema kizuri."

"Bello."

"Bello au bella, yote mamoja."

"Na mie niwajibu nini?"

"Grazie. Ni asante yao."

"Hilo siliwezi. Ntawambia ahlan."

Nilikata simu nimefurahi. Sikumwambia kwamba ni neno wanalolimwaga popote. Aliyesomea lugha ni mimi, na hilo nililisahau mimi.

Njiani kuelekea Amerat, gari likipanda mlima, yule bibi aliniambia alikuwa mwalimu wa sekondari maisha yake yote. Sikumuuliza alifundisha nini, kwa kuwa nilikuwa nimefika pale pa sinki katika kisa changu. Mumewe alikaa nyuma, mtu mrefu, mkimya, kipara chake kimeiva kwa jua. Kofia yake ilichukuliwa na upepo juu ya sitaha siku mbili kabla, mkewe akaniambia, na tangu hapo hajasema mengi.

Mama aliwapokea mlangoni. Tukakaa. Mdogo wangu akaleta kahawa, halwa, na mkate wa kumimina ambao mama aliuamkia alfajiri. Nikaanza kuwaeleza wageni habari za majlisi, yaani chumba hicho cha wageni, kwa nini mto uko hapa na viatu viko pale, na nilikuwa naeleza vizuri.

Bibi akalitazama dele la kahawa, la shaba, lenye mdomo kama wa kasuku.

"Che bello," akasema.

Mama alikuwa ametega sikio. Uso ukamchangamka. Akamwambia mdogo wangu kitu kwa sauti ya chini, nami nikaendelea na habari za mito. Dakika mbili baadaye bibi akageukia chetezo kilichokuwa kikifuka udi pembeni.

"Bello anche questo."

Mama akamwashiria mdogo wangu tena. Mdogo wangu akapita nyuma yangu na chetezo, akainama kama anayeokota kitu.

"Kaka," akaninong'oneza, "nyumba inahama."

"Vipi?"

"Tazama mlangoni."

Nikatazama. Palikuwa na mfuko wa duka, na ndani yake mdomo wa dele ukichungulia nje. Ndipo nikafahamu. Kwetu mgeni akisifu kitu, kitu hicho humwendea. Vijana siku hizi hucheka tu wakasema "karibu" bila kumaanisha, na mgeni wa hapahapa anajua kukataa. Mama yangu hajui kusema karibu asiyoimaanisha, na Mwitaliano hajui kukataa asichojua kama amepewa.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, nikitabasamu kwa ajili ya wageni, "hawa hawaombi. Ndivyo wanavyosema tu."

"Mgeni hasemi hivihivi. Katia jicho, katia na ulimi. Kilichosifiwa si chako tena, we umekishika tu."

"Wao kwao kila kitu ni bello."

"Basi nyumba yangu ina bahati," akasema mama, akammiminia bibi kahawa nyingine.

Nilikuwa natafuta njia ya kuwaonya wageni bila mama kujua, na mama bila wageni kujua, pale yule bwana mkimya aliponyanyuka kunyoosha miguu. Akaitazama picha ya marehemu baba ukutani. Akasogea. Akafika kwenye rafu. Akasimama mbele ya lile bakuli lililopinduliwa, mikono nyuma, kama watu wanavyosimama makumbusho, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa uzi. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha, yeye ambaye tangu Matrah hakufungua mdomo, akasema:

"Bello."

Mdogo wangu aliweka sinia chini.

Mama aliinuka polepole, akashika goti, akaenda kwenye rafu. Akaitoa kofia juu ya bakuli, akaipitishia kidole gumba kwenye pindo lote la chini, mzunguko mmoja kamili. Halafu akamwashiria yule mzee ainame, naye akainama, na mama akamvisha.

"Ahlan," akamwambia.

Ilimkaa kana kwamba alipimwa. Mke akapiga makofi. Mzee akajitazama kwenye kioo cha kabati, akajigeuza huku na huku, na kwa mara ya kwanza siku ile nikayaona meno yake.

Nikamfuata mama pembeni. Nilikuwa na silaha moja, nikaitumia.

"Mama, sikiliza. Neno lile si sifa. Nimelisomea. Asili yake ni neno dogo, la Kilatini. Lilitoka kwa *bonus*, likatiwa udogo likawa *bellus*. Ni kama kusema kijema. Waliwaambia watoto wadogo. Sifa yenyewe ya kweli ilikuwa *pulcher*, na yeye hakusema pulcher. Kwa hiyo hajaisifu. Kofia bado yako."

Mama alinisikiliza kwa adabu zote, kama anavyomsikiliza mtu anayeuza vyombo vya plastiki.

"Mwanangu, neno likishaingia sikioni haliulizwi baba yake nani."

"Lakini Warumi..."

"Warumi wamekuja hapa kunywa kahawa? Huyu kaja. Na jengine: kofia imetajwa uzuri bila mashallah, na mtu aliyeitazama vile. Nikuvishe we Ijumaa? Bora iende Italia salama, na we ubaki salama."

"Ni ya mwisho, mama."

"Nnajua," akasema. "Mie ndo nliyeishona."

Mdogo wangu akapita na vikombe. "Diploma imetufaa leo," akaniambia bila kusimama.

Kumbe bibi alikuwa ametusikia. Kiswahili hakujua neno, lakini bonus, bellus na pulcher vilimpita sikioni kama majina ya jamaa zake. Akasogea macho yakimng'aa, akauliza tunazungumza nini juu ya bellus. Ndipo nikajua alichofundisha maisha yake yote. Alikuwa mwalimu wa Kilatini.

Nikamweleza sehemu ya Warumi, ile ya kofia nikaiacha. Akakubali kila nililosema, jambo ambalo halikunishangaza, akaongeza lake: kwamba watu wa kawaida walilipenda neno hilo dogo kwa sababu lilitoka jikoni na kitandani kwa watoto, na maneno ya huko hayafi upesi. Nikamuuliza kama yawezekana Warumi nao waliogopa jicho, wakaona afadhali kusifu kwa neno dogo kama sisi. Akafikiri kwa uaminifu. Akasema hajui, na hajapata kuona palipoandikwa hivyo. Basi wazo hilo nalishika mwenyewe, na mwenye kutaka kulipinga anajua ofisi yangu ilipo.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema niliyokwambia ni kweli."

"Mwambie nimeshukuru. Kofia imekwenda."

Akawasindikiza hadi langoni, mfuko wa dele na chetezo mkononi mwa bibi, kofia kichwani mwa bwana. Aliwapungia mkono mpaka tukapinda kona. Kwenye kioo cha gari nikamwona anarudi ndani huku akigusa ukuta kwa kiganja, kama afanyavyo macho yakimsumbua.

Tulipoanza kushuka mlima bibi akaniambia kwamba mimi nimenyamaza, na kwamba tangu asubuhi hilo halijatokea. Nikamweleza yote: desturi, dele, Ijumaa, miezi minane, macho ya mama. Akamgeukia mumewe akamwambia kwa haraka. Mzee akaivua kofia papo hapo, akaiweka mapajani akiishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la supu ndani ya gari.

"Geuza gari," bibi akasema.

"Haiwezekani. Ukimrudishia atakuwa amefedheheka ndani ya nyumba yake. Ataona mmemwambia hana uwezo wa kutoa."

"Basi chukua wewe, umpelekee."

"Ni mamoja. Itakuwa imerudishwa."

Tukashuka hadi Matrah. Niliegesha karibu na lango la bandari, meli ikiwa imesimama juu yetu kama mtaa mzima wa nyumba nyeupe. Nilikuwa nimekwishaanza kuwafungulia mlango pale bibi aliponizuia kwa kidole. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya ubaoni.

"Hebu nirudie kanuni. Kwa ukamilifu."

"Mgeni akisifu kitu, mwenye nacho hukitoa."

"Mwenye kofia sasa ni nani?"

"Mumeo."

"Akiwa nyumbani kwenu, mgeni alikuwa yeye."

"Ndiyo."

Akashuka, akamshusha na mumewe, akaniita na mimi. Akatusimamisha sote pale meli ilipotupa kivuli chake.

"Hiki ni kivuli cha meli yetu," akasema. "Kitanda chetu kiko pale, dirisha la nne. Hapa mgeni ni wewe. Isifu."

Nikaielewa hapohapo, na nikafungua mdomo. Kazi yangu ni kusema. Nimeisifu milima hii, halwa hii, mimi mwenyewe, kwa makundi na makundi, bila kukwama. Sasa mzee ananinyooshea kofia, na mimi sina neno. Ilinibidi niitazame kwanza, na nilipoitazama nikatambua kwamba sikuwa nimewahi kuitazama. Maua yalikuwa ya rangi ya mchanga na ya samawati. Vitundu vilikuwa vingi mno, vimepangwa kama nyota za mtu mwenye subira, na mahali pamoja ubavuni uzi ulikuwa mnene zaidi, hapo alipofumua na kushona na kufumua tena hadi macho yakamkubalia.

"È bello," nikasema.

Mzee akaivuta kofia kifuani kwake.

"Hiyo tu?" akasema. "Mke wangu ameniambia hilo ni neno la watoto."

Bibi akatazama baharini ili nisimwone anacheka.

Basi nikasema. Nilianza kwa Kiitaliano, nikasema kuhusu mikono iliyoishona na mwaka gani ilianza. Nikasema kwamba nimevaa kofia za mikono ile tangu nina miaka minne, na kwamba pale mji wa mlimani nilikuwa na moja, nikiivaa sinkini ili mvuke usinilowanishe nywele, na kila usiku nikiitundika msumarini peke yake mbali na nguo nyingine. Nilikuwa nimelisahau hilo. Kiitaliano kikaniishia, jambo ambalo halinitokei, nikamalizia kwa Kiswahili, na wale wazee wawili wakanisikiliza Kiswahili kana kwamba wanakijua.

Mzee akaniwekea kofia mikononi.

"Ahlan," akasema, kwa sauti ya mama kabisa.

Bibi akauliza lile neno jingine, la kuondoa jicho, ambalo nilimtajia njiani. Nikamwambia. Akaiwekea kofia kiganja juu yake, akasema "mashallah" mara tatu, kila mara akiitengeneza zaidi, kama mwalimu anayejisahihisha mwenyewe. Kisha wakapanda meli. Pale dirisha la nne sikuona mtu, lakini nilisubiri kidogo.

Nilirudi Amerat adhuhuri hiyohiyo. Mama alikuwa amekaa palepale, rafu iko mbele yake, bakuli limepinduliwa halina kitu. Nikaivisha kofia juu ya bakuli, nikakaa.

"Wamerudisha?" akauliza, na sauti ilikuwa kali.

"Hawakurudisha. Niliisifu, wakanipa."

"Nani kaisifu?"

"Mimi."

"We?"

"Mimi, mama."

Mdogo wangu akatokea jikoni na mwiko mkononi ili asikie vizuri.

"Ulisemaje?" mama akauliza.

"Nikasema bello."

"Kile kineno kidogo."

"Hakikutosha. Yule mzee alikataa, ikanibidi niongeze."

"Uliongeza nini?"

Nikamwambia. Yote, kwa Kiswahili, na ile ya msumari pia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anatoa nyuzi kwenye upindo wa kanga yake, na kwa kuwa hazikuwemo nyuzi, alikuwa anatoa hewa.

"Si haba," akasema mwishowe. Halafu: "Na mashallah?"

"Kaisema yule bibi, mara tatu, na kiganja juu yake."

"Kaitamka sawa?"

"Ya tatu ilikuwa sawa."

Akatikisa kichwa kukubali. Akanyoosha mkono, akaisogeza kofia kidogo juu ya bakuli, maana sikuivisha vizuri.

"Na dele langu?"

"Dele?"

"Dele la shaba. La marehemu mama. Hukulisifu?"

Nikamtazama mdogo wangu. Mdogo wangu akautazama mwiko.

"Kumbe," mama akasema. "Na kusoma kote huko."

Dele liko Italia. Bibi aliniletea picha yake kwenye simu, limekaa juu ya jiko la gesi, na nimemjibu kwamba ni bello, lakini kwa umbali ule inaelekea kanuni haifanyi kazi. Ijumaa nilifunga kilemba na kofia ikakaa chini yake. Haikuonekana na mtu, ila hakuna aliyekuja kunipa mkono akaondoka bila kuambiwa na mimi kwamba imo, nani aliyeishona, na kwa muda gani. Mama alikuwa upande wa wanawake, hakunisikia. Mdogo wangu ndiye aliyempelekea habari, na nasikia mama alisema nimezidisha.